Réglage ya bunduki na baba mukwe

Leo nimemeza maneno mpaka tumbo inauma.

Asubuhi nilitoka Ixelles na baba mukwe, tukaenda stand de tir, fasi ya kujaribia bunduki, kufanya réglage ili zipige sawa, maana samedi chasse inaanza, tutaenda kuwinda. Risasi zangu nilizijaza baruti mimi mwenyewe jikoni, polepole, na balance ya kupimia.

Tukaanza kupiga pamoja, kila mutu na karatasi yake ya shabaha. Napiga: katikati. Napiga tena, naangalia: kuko tundu kushoto kabisa! Nikageuza vis ya darubini ya bunduki. Ikaharibika zaidi. Nikalaani baruti yangu, nikapiga mpaka risasi zikaisha.

Bon, tukaenda kutoa karatasi. Ya baba mukwe haina hata tundu moja.

Donc alikuwa anapiga kwa yangu!

Akanishika bega: « Pole, mutoto yangu. Siku ingine ununue risasi ya magasin. »

Kwetu mukwe habishiwi. Nyinyi mungejibu nini?

Mimi nilisema: « Merci, papa. »