Tuliposomea Nyumbani Najma

Mwenzangu wa kazini, mama kijana anayeishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud hapa Doha, aliniuliza juzi tukiwa tunakunja mashuka ya hoteli: "Dada, eti huku mtu anaruhusiwa kumsomesha mwanawe nyumbani?" Nilimweleza ninavyojua, kwa kifupi, tukaendelea na mashuka. Lakini jioni niliposhuka kwenye basi sikwenda kwangu. Miguu ilinipeleka mtaa wa Najma, kwenye jengo tulilokulia. Nilikuta limezungushiwa mabati, madirisha yameng'olewa, na kule ghorofa ya pili ukuta wa sebule yetu uko wazi, na rangi yake ile ile ya maziwa. Nilisimama pale kama mtu aliyekuta nguo zake za ndani zimeanikwa barabarani.

Baba alikuwa dereva. Mimi na kaka yangu tuliletwa kutoka Tanga tukiwa wadogo, tukaandikishwa shule ya binafsi, zile za bei nafuu, mabenchi yamebanana. Tuliipenda. Halafu kampuni ya Baba ikafungwa. Kafili mpya, yaani mwajiri mdhamini, alimchukua yeye, na kuhusu ikama zetu sisi watoto, vile vibali vya kuishi nchini, akasema atazishughulikia, inshallah. Inshallah ile ikakaa na kukaa, mpaka ikama zikaisha. Mwalimu mkuu akamwita Mama na kumwambia kwa upole kwamba bila ikama hawezi kutupokea muhula unaofuata. Nadhani upole ule ulimuuma Mama kuliko matusi.

Mama hakuwa mtu wa kukaa akalia. Alinishika mkono tukaenda ofisi ya elimu kuuliza sheria inasemaje. Alikuwa na Kiarabu cha jikoni, alichookota kwenye nyumba za watu alizofanya kazi, na karani aliyetusikiliza alikuwa mzee wa Kisudani mwenye sauti ya chini, aliyemvumilia kila alipokwama.

"Sheria inataka mtoto asome, mama, na asome shuleni," alisema.

"Na nikimfundisha mwenyewe nyumbani?"

"Hakuna atakayekukamata kwa kumfundisha mwanao kusoma. Lakini masomo ya nyumbani huku hayatambuliki. Hatapata cheti, na siku ukitaka kumrudisha shule, hakuna darasa litakalomjua."

"Sasa nifanyeje, baba yangu?"

Akamweleza kwamba wapo wanaowaandikisha watoto kwenye shule za kwao kwa njia ya mtandao, wakafanya mitihani kama watahiniwa wa kujitegemea, ingawa hata huko vituo vya mitihani hudai kitambulisho. Wengine huwarudisha watoto nyumbani Afrika. Kisha akanitazama mimi, akazidi kushusha sauti. "Ila usikusanye watoto wa wenzako. Wako ni wako. Ukiongeza wa jirani, hiyo ni shule bila kibali, na hilo ni jambo lingine kabisa."

Tulipotoka nje, jua likituchoma utosini, Mama aliniambia: "Tutasoma. Ila tutasoma kimya kimya."

Basi tukasoma kimya kimya. Mpaka leo nikisikia kiyoyozi cha zamani kikinguruma, nasikia na jedwali la kuzidisha likisemwa kwa kunong'ona. Pazia lilifungwa asubuhi yote, maana watoto wanaoonekana dirishani saa za shule huzua maswali. Kabla ya somo tulifuta vumbi, lile vumbi laini la Doha linalopenya hata dirisha lililofungwa, nami nilikuwa na kazi ya kusuuza kitambaa mpaka maji yatoke meupe. Chini kulikuwa na duka la chai ya karaki, na harufu ya iliki ilipanda ngazi hadi kwetu. Mchana tulikula mikate ya kuboos na maharage yaliyoungwa kwa nazi ya kopo. Kucheza kwenye ngazi ilikuwa mwiko. Kaka, aliyekuwa anaanza kubalehe, alijifunza kucheka bila sauti, mabega tu ndiyo yakitikisika.

Mama alijua kusoma na kuandika, lakini hesabu za kaka zilimshinda. Ndipo jirani yetu wa mlango wa pili alipojitolea. Alikuwa Mkenya, mtu wa Kakamega, kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa alifanya usafi kwenye saluni zamu ya jioni, kwa hiyo asubuhi zake zilikuwa huru. Alikuja na kanga begani na chaki mfukoni, akageuza mlango wa kabati letu kuwa ubao.

"Nyinyi watoto," alikuwa akisema, "akili haiombi ikama. Wacheni kulala!"

Alikuwa mkali, na alikuwa na mkono mwepesi wa kukupapasa kichwa ukipata. Kaka alimpenda kupita kiasi. Alikuwa akiamka kabla ya Mama na kufuta ule mlango wa kabati uwe tayari.

Habari husambaa, hata zikinong'onwa. Mama mmoja wa Kiganda, mpishi, akamleta binti yake. Kisha wakaja ndugu wawili kutoka mtaa wa Abu Hamour, ambao ikama zao zilikwama kama zetu. Mama alimkumbusha mwalimu maneno ya yule karani.

"Najua, dadangu," mwalimu alijibu. "Lakini huyu binti amekuja na kiti chake mwenyewe. Nimfukuze nikimwambia nini?"

Mama akageukia sufuria. Akaongeza maji kwenye maharage.

Sijui nani aliyesema. Pengine ni mtu aliyechoshwa na nyayo kwenye ngazi, wala si kwa ubaya. Wakaguzi wa serikali walikuja asubuhi, wanaume wawili na mwanamke, wakavua viatu mlangoni. Yule mwanamke alichuchumaa mbele ya kila mtoto na kumwuliza mama yake ni nani. Mimi na kaka tukamwonyesha Mama. Wale wengine wakatazama chini, kama walivyofundishwa na wazazi wao.

Mama alifungua mdomo. Mwalimu alimtangulia.

"Hawa wanafunzi ni wangu mimi," alisema kwa Kiingereza, polepole, kama anayetoa imla. "Huyu mama ameniazima sebule tu. Hakujua."

Walimwacha achukue mkoba wake kabla ya kuondoka naye. Alipopita mbele ya kaka alimwambia, "Maliza hiyo hesabu." Kaka hakuimaliza. Baadaye tulisikia kwamba mwalimu amerudishwa Kenya, na namba yake tuliyokuwa nayo haikupatikana tena. Mama aliusugua mlango wa kabati mpaka rangi ikabanduka, na kuanzia siku ile hakutufundisha hata herufi moja. Alikuwa anaogopa hata kutusikia tukisoma kwa sauti.

Kaka akarudishwa Tanga kwa bibi. Shule ya kule ilidai barua ya uhamisho, na hakuwa nayo. Wakamrudisha darasa la nne, akakaa na watoto wanaomfika kifuani. Alivumilia, kisha akaacha. Mwaka uliofuata kafili akatimiza ile inshallah yake: ikama zetu zikatoka, zote mbili, yangu na ya kaka. Mimi nilirudi shule. Ya kaka ilikaa kwenye droo mpaka ikaisha tena.

Nikikumbuka sebule ile, nakumbuka raha, na hilo ndilo linalonisumbua. Iliki, kunong'ona, watu sita tumebanana kwenye zulia moja kama watu wanaojificha mvua. Jengo litabomolewa, wale watoto wametawanyika, na mwalimu sijui kama yu hai.

Kaka yuko Doha sasa, alirudi ukubwani kutafuta kazi. Ni askari wa getini kwenye shule moja ya binafsi. Nilimpitia asubuhi moja kumpelekea chapati, nikamkuta ananyanyua kizuizi mabasi yakiingia, watoto wakimpungia mkono, naye akiwapungia wote, mmoja mmoja. Nilimwuliza kama haimuumi, kusimama pale kila siku.

Alitafuna chapati kwanza, macho yake yakiwa barabarani.

"Wakishaingia wote," alisema, "ndiyo najisikia vizuri kidogo."

Kisha akafunga geti, akabaki upande wa nje.