Salamu za Bibi Kuhusu Mtungi

Nilikuwa kwa kinyozi mjini Kisii, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, simu ya kinyozi ilipolia. Akasikiliza, akazima mashine, akaniambia polepole kwamba Mzee wa Tenti amefariki alfajiri na anazikwa adhuhuri hiyo hiyo. Nikatazama saa ya ukutani, adhuhuri ilikuwa imeshafika. Sisi wengine huku Gusii tukifiwa tunakaa wiki nzima na zaidi tukipanga: kamati, programu, picha ya marehemu kwenye fulana, ng'ombe gani achinjwe na nani asiketi karibu na nani. Waislamu wa mjini hawana nafasi ya mambo hayo. Nikavaa kofia ya kinyozi kuficha aibu iliyokuwa kichwani, nikakimbia hadi makaburini, nikawakuta wanaume wakikung'uta udongo mikononi. Wazee wawili walioniona na ile kofia wakanishika mkono na kunipongeza kwa kusilimu. Sikuwa na nguvu za kueleza habari za kinyozi mbele ya kaburi bichi, nikaitikia tu. Hivyo ndivyo nilivyomuaga rafiki yangu, na najua angenicheka mpaka akohoe.

Wasomaji wangu wa kila wiki mnajua kwamba safu hii hailii ovyo, na leo pia nitajaribu. Mzee wa Tenti ndilo jina ambalo mji mzima ulimpa, kwa sababu alikodisha matenti na viti vya plastiki, na kutoka Keumbu hadi Nyamira huwezi kuoa, kuchangisha wala kuzika bila kukaa chini ya kivuli chake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti isiyohitaji spika, na Ekegusii chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyezaliwa kijijini. Babu yake alifika Kisii kutoka mbali akiwa na cherehani kichwani, akaanza kushona kanzu na suruali za watu wa serikali. Hapo mjini akaoa msichana aliyekuwa amekimbia kwao upande wa Nyamira, akamsilimisha, na msichana yule hakurudi nyumbani tena. Familia kama hizo za Kiislamu ziko nyingi mjini kwetu, na ukiwauliza asili yao wanakutajia nusu ya ramani. Rafiki yangu yeye alitaka kujua sehemu moja tu ya ramani hiyo, ile ya nyanya yake.

Na hakuitaka kwa sababu ya shamba, kabla hamjaanza kunong'ona. Yule nyanya, ambaye yeye alimwita Bibi, alipokuwa mgonjwa wa kuondoka, hakuwaita wanawe. Alimwita huyu mjukuu, wakati huo kijana, akamwambia: "Ukiwapata watu wa kwetu, waambie mtungi sikuvunja mimi." Kisha akamweleza. Zamani hizo baba yake Bibi alikuwa ameandaa mtungi mkubwa wa pombe ya nafaka ya wimbi kwa wageni waliokuwa waje kuzungumzia mahari ya binti yake mkubwa. Asubuhi ya wageni mtungi ukakutwa vipande vipande, pombe imekwenda na udongo, na lawama zikamwangukia yeye kwa sababu alikuwa na mdomo na alikuwa amegombana na watu juzi yake. Aliona fimbo inakuja, akakimbia hadi mjini, na huko ndiko cherehani ilikomkuta. Maisha yake yote alibeba kesi ya mtungi ule. Rafiki yangu alinisimulia haya mara nyingi, na kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: "Mwandishi, mtu anaondoka duniani, hasemi ng'ombe, hasemi dhahabu. Anasema mtungi. Sasa mimi nikikutana naye huko bila kufikisha, nitamwangalia vipi?"

Tatizo ni kwamba Bibi hakuacha anwani. Ukoo wake alikataa kuutaja kwa hasira, akasema tu kwamba kwao ni mteremkoni, chini kuna kijito, nyuma ya nyumba kuna migomba, na asubuhi kukiwa hakuna ukungu unaona kilima. Kama umewahi kufika Kisii au Nyamira unajua kwamba hapo ameeleza kila boma lililopo, likiwemo letu. Siku moja nikamwambia labda mimi na yeye ni ndugu. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema ataendelea kutafuta. Jina la Bibi nalo halikusaidia kitu, kwa sababu lilikuwa lile ambalo ukiliita pale sokoni Keumbu, wauza ndizi wote wanageuka na kukuuliza unataka mkungu wa bei gani.

Basi akabuni njia yake. Wasifu wa marehemu huku kwetu si jambo la kupitwa haraka: husomwa alizaliwa na nani, mjukuu wa nani, ndugu zake ni akina nani na dada zake waliolewa wapi, mpaka jua linahama na wenye viti kivulini wanajikuta juani. Watu wengine husinzia hapo. Yeye alifunga tenti, akawarudisha vijana wake mjini na lori, kisha akabaki, akaketi nyuma kabisa na kutega sikio kama mtu anayesikiliza mpira kwenye redio. Alikuwa anangoja msomaji ataje binti aliyepotea. Akawa hodari hata wa kusikia yasiyosomwa. Angeniinamia na kuninong'oneza, "Hapo wameruka mke wa pili," na kweli, kabla ya chakula mke wa pili anasimama na watoto wake na kudai nafasi kwenye programu.

Hodari au si hodari, alikosea pia. Kwenye mazishi fulani karibu na Keumbu, msomaji alisema marehemu alikuwa na dada aliyepotelea mjini zamani. Rafiki yangu hakungoja sentensi iishe. Akamwendea mwendesha shughuli, akamnong'oneza, na yule naye, kwa jinsi watu wa kazi hiyo wanavyopenda mambo mapya, akatangaza kwamba Mungu ni mwema, mjukuu wa dada aliyepotea yuko hapa. Rafiki yangu akapewa spika. Akalia. Akaeleza upole wa Bibi, sala zake, mahamri yake, na wafiwa wakalia pamoja naye kuliko walivyokuwa wamemlilia marehemu. Alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye mtungi, bibi kizee mmoja aliyeketi mstari wa mbele akainua bakora. "Huyo aliyepotea ni mimi," akasema. "Nilirudi zamani. Na mtoto huyu simjui." Mwendesha shughuli akasema basi tumshukuru Mungu kwamba amepatikana. Yule bibi akauliza tenti imeletwa na nani, akaambiwa ni huyo huyo anayelia. "Mwacheni akae," akasema, "hawa wajukuu nilio nao hawajawahi kuniletea hata kivuli." Mpaka mwaka huu boma lile lilimwita mjukuu, naye akawa anawapelekea sukari.

Binti yake, aliyesoma Nairobi, alimhurumia kwa mizunguko hiyo. Akamwambia, baba, siku hizi unatema mate kwenye kichupa, yanapelekwa ng'ambo, unaletewa asili yako yote kwenye simu. Mzee akafikiri sana. "Watasema natoka Afrika," akajibu, "na hilo nalijua. Mtungi wataniambia ulivunjwa na nani?" Nami nilikuwa upande wake, maana nimeona vijana wa ukoo wetu wanavyopanga wazee kwenye kundi la familia. Binamu yangu alichora matawi yetu yote kwa rangi, na kwa kosa la kidole babu yangu mzaa baba akatokea kuwa mkwe wa nafsi yake. Yuko hivyo hadi leo, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana ndiye aliyemfuta babu.

Alilolitafuta rafiki yangu lilikuja lenyewe, na halikuja kwenye wasifu. Walikuwa wanafunga tenti kwenye matanga ng'ambo ya mji wa Nyamira, kwaya imeshaketi inafanya mazoezi, yeye ameshika mlingoti wa kati ili vijana wakaze kamba. Msichana mmoja akapita na mlima wa sahani, akateleza kwenye majani mabichi, zikamwagika zote. Mama mmoja aliyekuwa anamenya ndizi akasema bila hata kugeuka, "Huyu amemrithi yule wa mtungi." Rafiki yangu akaachia mlingoti. Tenti ikawashukia wanakwaya wote, nao wakaendelea kuimba humo ndani hadi mwisho wa ubeti kwa sababu kiongozi wao hakuwa ametoa ishara ya kuacha. Yeye alikuwa ameshafika kwa yule mama, anauliza yule wa mtungi ni nani. Akaambiwa ni shangazi wa zamani aliyevunja mtungi wa baba yake akatoroka, na katika boma hilo kila mtoto akivunja kikombe huitwa kwa jina lake. Alinipigia simu akicheka, akanieleza kwamba Bibi ametajwa kila wiki miaka yote hiyo, tena kwa jina lake kamili, kisha nikasikia kwamba analia. Nililia pia, ila sikumwambia.

Wakampangia siku, nami nikamsindikiza. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na binti yake akabeba unga, mchele na majani ya chai. Nyumba ilijaa. Kwenye kiti cha pembeni aliketi mdogo wake Bibi, wa mwisho aliyebaki wa kizazi kile, mama mkubwa wa kanisa ambaye kila mtu alimwita magokoro, yaani nyanya. Rafiki yangu akasimama, akasafisha koo, akasema: "Nimetumwa na bibi yangu. Anawasalimu. Na amesema mtungi hakuvunja yeye." Kisha mtu akauliza swali ambalo hakuwa amejiandaa nalo: kama si yeye, ni nani. Nyumba ya mke wa kwanza wa baba yake Bibi ikaitazama nyumba ya mke wa pili. Mmoja akasema babu wa wale alipenda sana pombe. Mwingine, mtu wa makamo, akasema ni mbuzi. Wa tatu, wa rika lake, akaapa kwamba mbuzi alikuwa amefungwa. Nikaona watu waliozaliwa baada ya uhuru wakikaribia kupigana kwa ajili ya mtungi ambao hawakuwahi kuuona. Rafiki yangu akamgeukia yule mzee kwenye kiti, kama mtu anayeomba hakimu aseme. Magokoro akamuuliza kama amekunywa chai.

Njiani kurudi hakutania hata mara moja. "Nimefikisha," akaniambia, "lakini hawakuamini. Nimemfungulia Bibi kesi upya." Alitaka kurudi azungumze na magokoro peke yake, lakini ugonjwa wa sukari ukaanza kumsumbua miguu, akawa mtu wa kukaa dukani na kuhesabu viti. Kila nilipomtembelea aliuliza kama nadhani mbuzi anaweza kuangusha mtungi mkubwa. Nilimwambia anaweza, nikijua hapendi jibu hilo. Alikufa bila kujua.

Siku ya tatu ya msiba nilikuwa nyumbani kwake, nimeshanyolewa upande wa pili, basi la kukodi kutoka Nyamira likasimama mlangoni na kumwaga ukoo mzima pamoja na kwaya. Wakauliza mwendesha shughuli yuko wapi, wakaambiwa hakuna. Programu je, hakuna. Wasifu, hakuna. "Sasa mmezika namna gani?" akauliza mmoja wao, amechanganyikiwa kabisa. Wakati tunawatafutia viti, magokoro akateremshwa kwa mikono, akaketishwa chini ya tenti ya marehemu mwenyewe, akaomba spika. Ilikuwa haipo pia. Akasema basi sogeeni, akaanza kuongea Ekegusii taratibu, na mjukuu wake akawa anawafasiria watu wa mjini.

"Nilikuwa mtoto," akasema. "Nilitaka kuonja, nikapanda kwenye kigoda, mtungi ukaanguka. Baba alipouliza nikasema ni dada yangu. Alipokimbia nikasema atarudi jioni, nitamwambia anisamehe. Hakurudi." Wanakwaya walishtuka zaidi kusikia kwamba mama wa kanisa aliwahi kutaka kuonja pombe, na mmoja akasahau mdomo wazi. Magokoro hakuwajali. "Mtoto huyu alipokuja nilitaka kusema. Nikaona wote mnanitazama, nikaogopa fimbo. Na mwenye fimbo alikufa hata mama zenu hawajazaliwa." Binti wa rafiki yangu akaja akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Akamwambia kwamba baba yake hakuwa na kinyongo, kwamba alitaka tu kusikia. Yule mzee akalia kama mtoto aliyekuwa amepanda kwenye kigoda, na mimi, pamoja na ahadi niliyowapa mwanzoni, nikamfuata.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza juu ya sisi tunaowasaka wazee wetu kwa simu, kwa mate na kwa kuulizia ni kilima kipi. Tunataka watuambie sisi ni nani, kana kwamba wao hawakuwa na shida zao. Bibi yule hakujali kama atakumbukwa; alikumbukwa vizuri mno, kila kikombe kilipovunjika. Alitaka jina lake lisafishwe, na mtu pekee aliyeweza kulisafisha alikuwa hai miaka yote hiyo, safari fupi tu kutoka mjini, anangoja kuulizwa bila hadhira. Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, anza wiki hii, wakati bado yuko mtu aliyekuwepo, na ukimpata ketini wawili tu. Usimuulize kwanza nyanya yako aliitwa nani. Muulize alisingiziwa nini.