Aliyelala Si Mama Chanjo

Kwa miaka kumi na tisa Mama Chanjo alilitunza jokofu la zahanati, na hakuna kichupa hata kimoja kilichowahi kuharibika mikononi mwake. Asubuhi, mchana na alasiri alisoma kipimajoto, akaandika daftarini kwa mwandiko wake wa darasa la saba, mkubwa na uliosimama wima. Wapo aliowashika mapaja wakati wa sindano ambao sasa walileta watoto wao, naye akawatania, "Wewe uliniuma kidole. Nakukumbuka."

Kisha kikaja kidude cheupe, kadiri ya kipande cha sabuni, kikabandikwa ubavuni mwa jokofu. Msimamizi wa zahanati akalichukua daftari, akalifungia kabatini.

"Mama, umepumzika sasa. Hiki kinapima chenyewe kila dakika tano. Joto likizidi, kitalia. Wewe kazi yako kusikiliza tu."

Akasikiliza. Alichoambiwa ndicho alichofanya.

Ijumaa moja jokofu likafa kimyakimya. Mama Chanjo alikuwa chumba cha pili akifunga vidonda, mlango wazi, na hakusikia chochote. Saa kumi na moja alipofungua jokofu ahesabu vichupa, hewa ya vuguvugu ikampiga usoni, na papo hapo kidude kikaanza kupiga kelele, kama mtu aliyeshikwa akisinzia akajifanya alikuwa anasali.

Alitoa taarifa mwenyewe, bila kuficha neno. Malipo yake yakawa barua ya kumtuhumu: alizima kifaa apate kulala, akakiwasha alipoamka, na chanjo zote zikamwagwa. Ajieleze kikaoni Alhamisi kabla hajaachishwa kazi. Ushahidi ni kwamba kumbukumbu za kidude zilikuwa tupu tangu saa tisa kasorobo mpaka saa kumi na moja.

"Mashine haisahau, mama," msimamizi akasema. "Binadamu ndiye husahau."

"Sijasema imesahau. Nimesema haikulia."

"Yale yale."

Si yale yale hata kidogo. Mtu amekunyang'anya daftari, amekukataza kupima, halafu anakuuliza kwa nini hukupima, tena umri wake ni wa mwanao wa tatu. Mama Chanjo hakupandisha sauti. Alimwomba Mungu amshikie ulimi, na Jumatatu akaomba ruhusa, akaenda kwenye ofisi ya waliokitengeneza kidude.

Mapokezi wakamwambia aandike barua. Akasema barua anayo moja tayari na inamtosha. Akakaa kwenye benchi mpaka akatoka binti mwenye miwani minene, ndiye aliyeandika programu ya ndani. Wenzake walimwita Miwani. Mama Chanjo akamsimulia yote.

"Kililia ulipofungua mlango, mama? Wakati uleule?"

"Hata mkono sijautoa kwenye kitasa."

Miwani akavuta kiti, akaketi karibu naye. "Kingekuwa kimezimwa, kingechukua dakika nzima kuwaka. Na kingeandika kwenye kumbukumbu kwamba kimewashwa. Mstari huo haupo. Hakikuzimwa na mtu."

"Kumbe?"

"Nipe siku mbili."

Akapanga vidude kumi mezani, akaviacha vipime joto la chumba. Jumatano mchana kimoja kikanyamaza. Hakikuzimika, kilinyamaza tu, na alipokigusa kitufe kikazinduka na kuendelea kama kawaida. Miwani akampigia Mama Chanjo simu, na sauti yake haikuwa na raha.

"Mama, ndani mna prosesa mbili, ndizo zinazofanya kazi zote. Zikikosa kazi zinalala, betri isiishe. Inayotangulia kulala inamkabidhi mwenzake saa zake, yaani mambo ya kufanya baada ya muda fulani: dakika tano zikiisha, pima joto. Ya mwisho kulala ndiyo inayotega kengele ya kuiamsha."

"Kama wauguzi wakipokezana zamu."

"Hivyohivyo. Mwezi uliopita nilibadilisha makabidhiano hayo ili betri idumu. Sikufikiria zikilala kwa wakati mmoja. Kila moja inaona mwenzake bado yu macho, inamwachia saa, inalala. Kengele haijategwa na yeyote. Zinalala mpaka kitu kingine kiziamshe, kama mlango kufunguliwa. Kosa ni langu, mama."

"Basi waliolala ni hao wawili."

"Ndio hao."

"Alhamisi uje useme."

Miwani akaja, ingawa mkubwa wake alimshauri aandike tu kwamba chanzo hakijulikani. Akaweka kidude mezani, akaeleza kila kitu, na mara mbili akarudia kwamba kosa ni lake. Msimamizi akasikiliza huku akigeuzageuza kalamu. Akaandika karatasi, akaisukuma kwa Mama Chanjo akitabasamu.

"Yameisha, mama. Weka sahihi, urudi kazini."

Mama Chanjo akaisoma taratibu, kidole kikifuata kila neno. *Mhudumu amesamehewa kosa lake.*

Akairudisha. "Andika upya."

"Mama, kazi unayo. Unataka nini tena?"

"Kusamehewa nasamehewa na Mungu, na yangu anayajua, ni mengi. Hili halimo. Andika kwamba sikulala. Andika na aliyenikataza kupima."

"Akina mama wamejaa nje na watoto."

"Ninawasikia. Nami nawahurumia, maana wanakungoja wewe."

Msimamizi akamtazama Miwani kutafuta wa kumwunga mkono. Miwani akavua miwani yake, akaifuta, wala hakuharakisha. Mtoto mmoja akaanza kulia kwenye korido, wa pili akamfuata. Msimamizi akavuta karatasi nyingine, akainama kuandika.

"Kwa herufi kubwa kidogo," Mama Chanjo akasema kwa upole. "Nataka niisome bila msaada."