Ndege kwenye kamba ya dobi

Shangazi yangu ni dobi, na alikuwa hajawahi kuchelewesha shuka. Misibani huchelewa, na hata harusi yake mwenyewe aliichelewa, lakini shuka za nyumba ya wageni ya wifi yake zilifika kila siku kabla ya magharibi, zimenyooshwa zikanyooka.

Siku moja kindege mwenye koo la samawati alitua kwenye kamba yake na kuanza kuimba. Ndege wa aina hiyo husafiri kila mwaka kupitia nchi za mbali, na huku kwetu hakuna aliyewahi kumwona. Wataalamu wakaja na darubini, wakajaza vyumba vyote vya wifi, kisha wakasongamana uani kwa shangazi.

"Mama, tafadhali usiiguse kamba," alinong'ona mmoja wao. "Ataruka."

"Na shuka zangu je?"

"Shuka zipo kila siku, mama."

Jua lilipoinama, wifi akapiga simu. "Wewe wifi, wageni wangu watalalia nini?"

"Wageni wako hawa hapa, wananikataza nisianue. Waulize wenyewe."

Shangazi akakata simu, akaishika kamba. Akamtazama yule kiumbe, aliyepotea njia na bado anaimba kama yuko kwao. Akaiachia kamba taratibu.

Wageni walilalia magodoro matupu, tena kwa furaha. Mpaka leo wifi akimchokoza kuhusu siku hiyo, shangazi hujibu bila kupepesa macho kwamba shuka zilikuwa hazijakauka.