Simu Aliyoonekana Nayo Humphrey

Mume wangu, Humphrey, hakuwa mwizi wa simu za marehemu. Nayaandika haya kwa sababu maneno hayo yametoka Guangzhou, China, yakatufikia hadi Moshi, na wanangu wanatumia jina lake.

Kwa miaka mingi Humphrey alinunua vifaa vya umeme kule na kuvisafirisha nyumbani. Jumuiya yetu ya kanisa kulekule ilipoweka sanduku la vitu vya zamani, alikabidhiwa yeye. Mwanafunzi aliyemaliza masomo aliacha humo feni, birika la umeme, sufuria ya wali, simu iliyochoka. Humphrey alitengeneza kilichotengenezeka akawapa wanafunzi wageni. Kilichokufa kabisa alikipeleka kwa wakusanyaji wa vyuma chakavu mtaani. Kila simu aliifuta kabla ya kuigawa. Alisema picha za mtu ni kama nguo zake za ndani.

Kisha Elinami, mwanafunzi kutoka Machame, akaugua ghafla na kufariki. Mwili ulirudishwa. Mwenzake wa chumbani, ambaye jina lake sitaliandika, alifungasha vilivyobaki akavileta sandukuni, kama wafanyavyo kwa yeyote aliyerudi nyumbani. Humphrey aliikuta simu ya Elinami chini ya feni, kioo kimepasuka, haiwaki.

Hakuitupa wala hakutaka ifutwe; alitaka imfikie mama wa marehemu ikiwa inawaka. Alimwita yule kijana, naye akalia.

"Mzee, nakuomba, mama yake asijue niliitupa na vyuma chakavu."

"Hatajua kwangu," Humphrey alimjibu. "Nipe namba ya siri tu."

Akazunguka nayo kwa mafundi, kila meza anajibiwa meiyou, hakuna, kioo cha aina hiyo hakitengenezwi tena. Watu waliomjua Elinami wakamwona nayo. Mgahawani, mtaa wa Huanshi Zhonglu, mfanyabiashara mwenzetu akamkejeli mbele yangu: "Mzee Humphrey, leo umerithi simu ya nani?" Meza nzima ikacheka. Mume wangu alimaliza supu yake. Njiani nilimsihi aseme ukweli. Akaniambia ameshatoa neno lake.

Kioo alikipata. Simu ikawaka. Wiki hiyohiyo presha ilimwangusha kwenye ngazi za ghala, na hakuamka.

Nilirudi na jeneza, simu ikiwa kwenye mkoba wangu. Tulipokwisha kuzika nikaenda Machame. Mama Elinami aliipokea kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na sauti ambayo mwanawe alimrekodia siku aliyopelekwa hospitali, na haikuwahi kutumwa. Tuliisikiliza mara moja. Halafu akaniuliza mume wangu aliipataje, nami sikuweza kumdanganya mama aliyefiwa; nikamweleza yote.

Aliiweka simu mapajani.

"Yule kijana nimemsamehe," alisema. "Lakini andika, mama. Baba huyo asiitwe mwizi kwa ajili ya mwanangu."

Nimeandika. Sasa walewale waliocheka wamesikia habari ya ile sauti, wananipigia simu kuniuliza Elinami alisema nini. Maneno yale ni ya mama yake. Kwangu hawatayapata, na sina la kuongeza.