Damu Isiyoitika

Kwetu Ujiji mtoto hufundishwa mapema: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza. Aliye hai ataita tena. Spesiosa aliishika sheria hiyo kuliko sisi sote, na kazi yetu ni kuosha maiti hospitalini. Hata katika soko la Mwanga ukimwita, anakutazama miguu kwanza kama inakanyaga chini. Mimi mwenzake wa kazi alishanichosha.

Basi na damu yake ikawa na tabia hiyohiyo. Alichomwa chanjo ya homa ya ini, dozi zote, akarudia zote, na kila alipopimwa kinga hakuna. Chanjo inabisha hodi, mwili kimya. Daktari Erasto akamtoa chumba cha maiti asije akaambukizwa, akampa ufagio wa uwani.

Kufagia hakukumuuma. Kilichomuuma ni dada yake mkubwa, Honorata, ambaye ini lake lilikuwa limeshaliwa na homa hiyohiyo, macho manjano kama binzari.

"Asinioshe mgeni," Honorata alimwambia. "Mikono yako naijua."

Ndipo ukaja utafiti wa chanjo mpya.

"Mama, ugonjwa ni uleule," Erasto alimweleza, "ila chanjo hii ina kichocheo kipya. Kazi yake ni kuiamsha kinga iliyolala."

"Na ikishaamka, itamwitikia nani mwingine?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Baada ya sindano ya mwisho mkono ulimvimba na homa ikampanda. Wiki kadhaa baadaye majibu yakatoka: kinga ipo, tena tele. Akarudishiwa glavu zake, nami nikafurahi kuliko yeye.

Lakini tangu hapo, aliniambia, anasikia. Mchana kweupe, majokofu yakiunguruma, jina lake linatajwa upande wa ukutani, mara moja tu. Haitiki. Nikajitia ujasiri nikasema ni upepo wa ziwa. Upepo gani unajua jina la mtu?

Honorata alifariki Jumapili adhuhuri. Spesiosa alimwosha mwenyewe, mimi nikimimina maji. Alianza na uso, akashuka mikononi, akawa anapangusa kidole kimoja kimoja. Mlango ulikuwa umefungwa. Tulikuwa wawili na marehemu.

"Spesi."

Nilisikia, naapa. Sauti laini, ya karibu. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo ila dada yake. Ndoo ikaniponyoka, maji yakasambaa sakafuni, na mimi nikawa nimegandana na ukuta, nikimwombea asithubutu kufungua mdomo.

Spesiosa hakungoja iite tena.

"Abee, dada," akaitika, na akaendelea kumwosha.