Nilivyopanga Magari ya Mbio kwa Mvi

Nitasema mwenyewe, maana Kilosa nzima inajua na nimechoka kuona watu wakiziba midomo nikipita: aliyevuruga mbio za magari siku ile ni mimi, mwalimu wenu wa madrasa, na nia yangu ilikuwa njema kabisa.

Waandaaji waliniomba nisome dua kisha nipunge bendera, magari yatoke moja moja kuelekea Mikumi. Bwana mwenye orodha akanieleza vizuri kwamba madereva wamepangwa kwa madaraja, kwa ustadi na mashindano waliyoshinda, na wa daraja la juu hutangulia ili asile vumbi la wengine. Nikaitikia. Wa kwanza alikuwa Rehema, binti wa umri wa wajukuu zangu, na siku hiyo alikuwa anapigania kubaki daraja la kwanza. Kisha yule bwana akaenda hemani kupiga simu, akaniacha na bendera (bora angeniacha na ng'ombe wa kuchunga).

Maana nilitupa jicho mwisho wa mstari, nikamwona dereva mwenye ndevu nyeupe pe, nikamwendea, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Sasa niambieni, umeshampa mtu shikamoo, utamwachaje ale vumbi la watoto?

"Mzee wangu, pita mbele."

"Hapana, sheikh, mimi daraja la mwisho."

"Alhamdulillah, unyenyekevu huu!" nikasema kwa sauti watu wasikie, nikamng'ang'ania mpaka akasogeza gari.

Rehema akachungulia dirishani. "Shikamoo, babu. Ila mpangilio..."

"Marahaba, mwanangu. Subira."

Akarudisha kichwa ndani.

Nikapunga. Mzee akaondoka kama anayepeleka mayai sokoni. Rehema akafuata, akamkuta kabla ya Masanze, njia nyembamba, vumbi halioneshi hata mkono wako, halafu mzee akasimama kabisa kupisha ng'ombe na (nasikia) akamuuliza mwenye ng'ombe hali ya watoto, mmoja mmoja.

Kipaza sauti kikauliza, "Nani katanguliza gari la mwisho?"

"Sheikh!" umati ukapaza sauti, wanafunzi wangu wakiwa wa kwanza kuninyooshea vidole.

Bwana wa orodha akasema Rehema hafidiwi muda wake mpaka aliyekosea akiri mbele ya watu. Mimi ninayefundisha watoto kusema kweli! Nikashika kipaza sauti.

"Ni mimi. Nilipanga kwa mvi."

Walicheka mpaka muuza mihogo akaacha mihogo yake iungue. Rehema akafidiwa dakika zake, akabaki daraja la kwanza, akanijia uso mwekundu kwa vumbi.

"Asante kwa kusema kweli, babu. Ila bendera usishike tena."

Sijashika, na sitashika.

Ijumaa iliyofuata nikachelewa msikitini, nikaketi safu ya nyuma kimya kimya. Vijana wakageuka.

"Sheikh, pita mbele!"

"Niacheni, wanangu. Mimi daraja la mwisho."

Mmoja wao akainua mikono juu. "Alhamdulillah, unyenyekevu huu!"